Jino la Mbele la Juu

Mtaani wapo wanaosimulia kwamba fundi wa meno alimkalisha mwanawe kwenye stuli akamng'oa jino kwa koleo mbele ya wageni, eti kwa sababu Biblia imesema hivyo. Wengine huongeza damu. Mmoja, ambaye siku hiyo hakuwa hata karibu, huongeza na kamba. Heri kisa kisimuliwe kama kilivyokuwa, maana mwenyewe sasa yuko kaburini na hawezi kujitetea. Hata alipokuwa hai hakuwa hodari wa kujitetea. Alikuwa hodari wa kununa.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Hakuwa daktari, na jambo hilo alilirudia maisha yake yote bila kupata mtu wa kumsikiliza. Daktari alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye chumba cha mbele, chenye kiti cha kupanda na kushuka na pazia la kijani. Huyo ndiye aliyetoboa, aliyeziba na aliyeng'oa. Fundi alikaa chumba cha nyuma, penye dirisha moja na sinki lililogeuka jeupe kwa plasta. Aliletewa chapa ya kinywa cha mtu, akaimimina plasta, ikiganda akapata ufizi mweupe mgumu kama jiwe. Juu yake alitandika nta ya rangi ya waridi, akapanga meno moja moja, akarudi nyuma, akatazama, akang'oa yote, akaanza upya. Rafu zake zilijaa taya za plasta za watu wa mtaa mzima, waliopo na waliokwisha kufa. Mgeni akiingia mara ya kwanza alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Mkewe, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, alimwonya mara nyingi kuhusu tabia yake ya kumtazama mtu mdomo kabla ya kumpa salamu. Alisema ni utovu wa adabu, na kwamba familia yenye jina lake haina sababu ya kuonekana inakagua meno ya watu kama wanunuzi wa punda. Fundi alijibu kwamba hakagui, ila macho yanakwenda yenyewe.

Lakini kilichomchosha kuliko vyote ni mzaha. Kila mteja, akishapewa kioo na kujitazama meno mapya, alisema mzaha uleule, kwa uso uleule wa mtu aliyeugundua yeye: jino kwa jino, eti Fundi? Miaka ya kwanza alicheka nao. Baadaye alitoa sauti ya puani. Mwishowe hakutoa kitu, aliwapokonya tu kioo.

Pengine ndiyo maana alikuwa na hasira na sheria yenyewe. Kila Jumatano jioni wazee wa kanisa na wengine wapendao maneno walikutana kwenye chumba cha kwaya kusoma Biblia, na kiongozi wao alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Saruji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sauti kubwa aliyeamini kwamba jambo likishasemwa kwa sauti kubwa limekwisha. Jumatano moja walifika kwenye sheria za Musa, pale mtu akimtoa mwenzake jicho naye anatolewa jicho, na akimtoa jino anatolewa jino. Saruji akasema hiyo ndiyo haki, na kwamba dunia imeharibika tangu watu walipoiacha.

Fundi akasema yeye anashinda na meno kutwa nzima, na hajaona haki yoyote katika kuongeza kibogoyo wa pili. Akasema sheria ya kung'oana viungo ni ya washenzi, na kama Mungu ni mwenye haki basi hapo palitaka maelezo. Saruji akatafuta mistari mingine kumi ya kumzima. Fundi akakunja mikono akasema mistari haibadilishi kitu, jino likitoka limetoka. Walitoka wamenuniana, na mkewe alipopata habari kesho yake shuleni, kutoka kwa mwalimu mwenzake, alirudi nyumbani na mkoba wake kifuani akamwuliza kama kweli ilikuwa lazima kumwita Musa mshenzi mbele ya wazee wa kanisa.

"Sikumwita Musa," alisema Fundi. "Niliita sheria."

"Na wewe unadhani wanaosimulia wataweka hiyo tofauti?"

Hawakuiweka.

Hazikupita wiki nyingi, likatokea la mwana wao. Huyu alikuwa kijana wa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, sauti nzuri, moyo wa haraka. Jumamosi mchana kwaya ilikuwa mazoezini. Kiongozi wa kwaya alikuwa fundi cherehani mmoja mwembamba, mdogo wake Saruji, ambaye kwa sababu ya sauti yake aliitwa Tenori. Kijana alikuwa akiimba peke yake mbele, na alikuwa akiuvuta wimbo kupita kipimo, kama walivyo vijana wakishika kipaza sauti. Tenori akamwambia akatishe. Hakukatisha. Tenori akamfuata akamnyang'anya kipaza sauti mbele ya wasichana wote wa safu ya kwanza, akasema kwa ule upole wake unaochoma kwamba hapa si baa. Kijana akakipokonya tena, na badala ya kukishusha akakizungusha. Kikampata Tenori mdomoni. Jino la mbele la juu, la upande wa kulia, likatoka na kuanguka juu ya daftari la nyimbo.

Yote hayo kwa ajili ya kipaza sauti. Fundi aliposimuliwa aliuliza mara tatu kama hakukuwa na sababu nyingine, na mara zote tatu alijibiwa hakuna. Alikaa akashika kichwa. Alisema angeelewa kama ni mwanamke, angeelewa hata kama ni shamba.

Saruji hakungoja. Jioni ileile alimpeleka mdogo wake hospitali, kisha kituo cha polisi, jalada likafunguliwa. Kijana aliitwa, akaandikisha maelezo, akaachiwa kwa dhamana ya baba yake, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, apelekwe mahakamani. Kila mtu alijua maana yake. Mwalimu mtarajiwa aliyetiwa hatiani kwa kujeruhi hasomeshi mtoto wa mtu. Miaka yake ya chuo ingekuwa imetupwa shimoni, mbali na kifungo chenyewe.

Fundi alikwenda dukani kwa Saruji kuomba radhi. Alivaa koti. Saruji alimpokea akiwa amesimama katikati ya mifuko, hakumpa kiti, akamwacha amalize. Kisha akatabasamu.

"Fundi, wewe si ulituambia jino kwa jino ni sheria ya washenzi?"

Fundi akatazama mifuko.

"Basi umenishinda, ndugu yangu. Nimekubali. Sitaki jino la mwanao, sisi si washenzi. Nataka sheria ya watu waliostaarabika. Kituoni, mahakamani, gerezani. Halafu mchungaji amtenge na kanisa, na hicho chuo chake tukiandikie. Hakuna atakayemgusa hata unywele."

Alitoka pale amekunja uso mpaka nyumbani. Alimwambia mkewe kwamba yule mtu amemkamata kwa maneno yake mwenyewe. Mkewe akasema ndicho alichomwonya, lakini si wakati wa kuhesabiana makosa, kuna kazi ya kufanya. Yeye alikuwa ameshaipanga. Ukoo ule haukuwahi kuwa na mtu aliyesimama kizimbani. Baba mkwe wake alikuwa tarishi aliyestaafu na barua ya shukrani, babu alikuwa mjenzi wa kanisa lenyewe. Kwa hiyo kijana angeeleza kwamba mkono uliteleza. Kipaza sauti kilikuwa na jasho, wakavutana, kikateleza. Nusu ya kwaya hawakuona vizuri.

"Mwanao mwenyewe amesema amepiga," alisema Fundi.

"Amesema kwetu. Polisi kaandika wamegombana."

"Na Tenori naye aseme aliteleza akaangukia?"

Mkewe alikuwa mwanamke mkweli, na ile sentensi ya kuteleza ilimkaa vibaya mdomoni kila alipoijaribu. Ila hakuona nyingine.

Siku zile Fundi alichukua Biblia kwenda nayo kazini. Akaiweka juu ya meza kati ya nta na taya za watu, akaisoma ile sheria kama alivyozoea kukagua meno yaliyorudishwa na mteja, akitafuta mahali panapobana. Alitaka kuona kama kweli ni ya washenzi. Jambo la kwanza aliloliona lilimuudhi kwa sababu lilikuwa jema. Jino kwa jino maana yake jino moja. Si mawili, si taya, si kazi ya mtu, si jina lake kusomwa kanisani. Mwenye jino akishalipwa jino, hana tena la kudai. Mtu mwenye ndugu mwenye duka na sauti kubwa alipata jino moja sawasawa na mtu asiye na ndugu. Aliona kwamba wale washenzi wake walikuwa wameweka ukingo, na Saruji na ustaarabu wake hakuwa nao.

Akafurahi kwa dakika chache. Kisha akasoma juu na chini. Akakuta bwana akimpiga mtumwa wake kwa fimbo, na mtumwa akakaa siku moja au mbili ndipo afe, bwana haadhibiwi, kwa kuwa yule ni mali yake. Akafunga kitabu kwa nguvu mpaka vumbi la plasta likaruka. Akakifungua tena. Mistari michache mbele akakuta kwamba bwana akimtoa mtumwa jino, mtumwa anaachwa huru kwa ajili ya jino lake. Fundi alikaa na hiyo muda mrefu. Ukurasa mmoja, na ndani yake jambo ambalo hakuweza kulitetea mbele ya mtu yeyote, na jambo ambalo hakuna bwana aliyemjua yeye angelikubali. Alitamani sheria ile iwe mbaya yote au nzuri yote, apate kupumzika.

Alipomweleza mkewe mezani, mama yule hakuvutiwa. Alivaa miwani akakivuta kitabu upande wake.

"Umesoma na hapa? Anayempiga baba yake auawe."

"Nimesoma."

"Huyu mwaka juzi alikusukuma pale mlangoni mkigombania ufunguo. Tumwue lini?"

"Alinisukuma, hakunipiga."

"Ahaa. Sasa umekuwa wakili." Akamrudishia kitabu. "Baba watoto, mtoto anakwenda kufungwa, wewe unapima mistari. Kaombe tena radhi. Piga magoti ikibidi, nitapiga na mimi."

Fundi alisema atawaita Saruji na Tenori Jumapili mchana, kwenye chumba chake cha kazi, kwa sababu siku hiyo hakuna wagonjwa. Mkewe akadhani ni kwa ajili ya magoti. Alipeleka chupa ya chai na vikombe vya wageni vilivyofungwa kwa kitambaa, akafuta stuli, akageuza taya moja ya rafuni iliyokuwa ikimtazama mgeni moja kwa moja. Kijana alikuja kwa miguu, shati limepigwa pasi na mama yake.

Saruji aliingia kwanza akiangalia huku na huku kwa mashaka. Nyuma yake Tenori, leso mdomoni. Mdomo ulikuwa umeshapungua uvimbe, lakini akiongea hewa ilimtoka pale penye tundu, na alikuwa ameacha kuongea. Mama alianza kumimina chai. Fundi hakuanza na karibu wala na maombi. Alivuta droo, akatoa koleo la kung'olea meno, la chuma cha zamani, aliloachiwa na daktari aliyemfundisha kazi akiwa kijana, akaliweka juu ya meza pembeni ya vikombe.

"Ndugu yangu," akamwambia Saruji, "Jumatano ile nilikosea. Sijui kama sheria ile ni ya haki. Lakini ni afadhali kuliko yako. Koleo hili hapa, kijana yule pale. Jino la mbele la juu, la kulia, moja. Ndugu yako aling'oe kwa mkono wake, kisha jalada lifungwe, na asitokee mtu wa kulitaja tena. Si kanisani, si chuoni, si kwenye harusi ya mtu."

Mkewe aliweka chupa chini polepole. Baadaye alisema kwamba katika miaka yote ya ndoa hajawahi kutamani kumfunika mtu mdomo kwa kitambaa cha meza kama siku ile.

"Huyu mtu amechanganyikiwa," Saruji alimwambia ndugu yake.

"Mimi? Wewe ndiye unayetaka kifungo cha miaka."

"Hiyo ni mahakama. Si mimi."

"Najua si wewe. Wewe utakuwa dukani unapima misumari. Hutamwona akilala, hutamwona akirudi. Ndiyo maana unaiweza. Hapa utasikia likitoka."

Saruji akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mtaa ule ukikumbuka, hakikutoka kitu. Akaanza kusema kwamba watu wenye akili zao hawafanyi hivi, kwamba ataita watu, kwamba mchungaji akirudi safari atasikia. Kelele zake zikakatizwa na stuli. Kijana alikuwa ameivuta chini ya dirisha, akakaa, akainua uso.

"Baba, maneno yatosha. Ang'oe."

Tenori akalitazama koleo. Akaondoa leso, akaikunja, akaitia mfukoni. Akalichukua. Alikuwa na vidole vyepesi vya mshonaji, na alilishika vizuri kuliko walivyotarajia. Akasogea mpaka magoti yake yakagusana na ya kijana.

Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo Fundi hakulisimulia kwa mtu ila mkewe. Bila kufikiri, kwa mazoea tu ya kazi, alinyoosha mkono akaivuta taa ya meza, akaielekeza kinywani, akashika kidevu cha mwanawe kwa kidole gumba na kukiinua. Akasema, kama alivyowaambia maelfu waliokuja kujaribu meno, "Fungua. Zaidi kidogo. Pumua kwa pua." Kijana akatii. Na Fundi akajiona mkono wake. Alikuwa anamshikia mtu mwingine mwanawe ang'olewe, na alikuwa anamshika vizuri, kwa ustadi, taa haitikisiki. Alitaka kuachia na vidole vikakataa. Mkewe alikuwa amegeuka, anatazama rafu.

Tenori akainama. Akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Koleo likagusa jino, likalia kidogo, kama kijiko kwenye kikombe. Kisha akalitoa.

"Halina mwanya," alisema.

Hewa ilipita kwenye lile tundu, lakini maneno yalisikika.

"Nini?" akasema Saruji.

"Langu lilikuwa na mwanya. Tangu utotoni. Uzi nilikuwa naupitisha pale, nakata, naendelea, sihitaji kutafuta mkasi. Mke wangu aliniona kwa huo mwanya." Akaligeuza koleo mkononi. "Hili la kwake limebanana na wenzake. Nikiling'oa nitapata nini? Atakuwa na pengo na mimi nina pengo. Mwanya wangu hakuna aliyeurudisha."

"Basi twende mahakamani," akasema Saruji, amepata sauti yake.

"Kaka, na mahakama nayo ina mwanya wangu?"

Saruji akakaa kwenye kiti cha wageni. Mama, kwa kukosa jambo lingine la kufanya, akampa chai, naye akaipokea.

Tenori akamgeukia Fundi akamwuliza kama anaweza kumtengenezea jino lenye mwanya. Fundi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachia kidevu, alijibu kwamba anaweza kutengeneza mwanya, ila hautakuwa ule. Tenori akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo cha kitambaa kisichotosha lakini atashona hivyohivyo. Kisha akamwambia kijana, bila ukali, kwamba atakwenda kituoni kusema hataki kesi. Lakini yeye sasa hawezi kuimba. Basi na kijana asiimbe. Aje kanisani kila Jumapili, akae mahali pake kwenye kwaya, asifungue mdomo, mpaka siku yeye Tenori atakapofungua wake.

"Umekubali?"

"Nimekubali," alisema kijana.

Alipokubali hakujua alichokubali, na wala hakuna aliyejua. Walidhani ni wiki mbili tatu. Kituoni afande aliwakaripia wote kwa kumpotezea muda, mambo yakaisha, chuo hakikusikia kitu. Mama alipumua. Lakini Jumapili ya kwanza aliona mwanawe amesimama safu ya pili, mikono nyuma, mdomo umefungwa, wenzake wote wanaimba, na kanisa zima likimtazama yeye badala ya kitabu cha nyimbo. Akaona kwamba kizimba kimehamia mle ndani, na kwamba ukoo wote umesimama pale. Alirudi akamwambia mumewe kuwa afadhali hata faini.

Fundi alifanya kazi. Alichukua mwenyewe chapa ya kinywa cha Tenori, akachagua rangi dirishani, akaweka mwanya, akasugua kwa msasa, akapiga rangi mpaka jino likang'aa. Tenori alijitazama kwenye kioo akasema limependeza. Kisha akatoa kidonge cha uzi mfukoni, akaupitisha, akauma. Uzi ukateleza.

"Bado," alisema.

Fundi akatengeneza la pili. Uzi ukateleza. La tatu likakata nusu, likabakiza nyuzinyuzi. Fundi akamwambia kwa meno yaliyobanana kwamba meno ya bandia hayakutengenezwa kukata uzi, bwana, dunia nzima inatumia mkasi. Tenori akasema ametumia mkasi wiki zote hizi na nguo za watu zinachelewa. Hakuwa na kiburi, ndilo lililoudhi. Alikuwa sahihi. Alikuwa amekaa pale kwenye stuli, amefungua kinywa, anataka kile alichokuwa nacho, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anadai kupita kiasi.

Wakati huo kijana alizidi kunyamaza. Kwaya ilihamia nyimbo za msimu mwingine naye yuko palepale, mikono nyuma. Jumatano Saruji, ambaye alikuwa amerudi kuwa Saruji, alimwuliza Fundi mbele ya wote ile sheria sasa anaionaje, ya haki au si ya haki. Watu wakakaa sawa kusikiliza, maana kisa kilikuwa kimeshaenea.

"Mngeling'oa siku ile," alisema Fundi, "leo tungekuwa tunaongea mengine."

"Kwa hiyo ni ya haki."

"Nimesema ingekuwa imekwisha. Sijasema ya haki. Moyo wangu uliikataa na macho yangu yanaona faida yake, sasa unataka nikujibu kwa kiungo gani?"

Saruji akasema hilo si jibu. Fundi akasema analijua kuwa si jibu, akachukua kofia yake akaondoka kabla ya sala ya kufunga, jambo ambalo mkewe alilazimika kulieleza kwa watu watatu tofauti.

Lile la tano ndilo lililoweza. Kwenye ukingo wa ndani, pale ambapo mtu hatazami, Fundi alichonga kwa tupa nyembamba mfereji mdogo kama mkwaruzo, na kando yake akaacha makali. Tenori akatia kinywani. Akautoa uzi, akaupitisha kwenye mwanya, akauma. Ukakatika. Akautazama ulivyokatika, pande zote mbili. Akatoa uzi mwingine mfukoni, mweusi, mzito, wa suruali. Nao ukakatika. Hakusema limependeza wala halikupendeza. Alisafisha koo, akapandisha sauti kidogo, ya chini, kisha ya katikati, akiwa bado amekaa kwenye stuli katikati ya taya za watu. Ilimkwaruza kidogo mwanzoni.

"Si ule," alisema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia." Akasimama, akajipangusa vumbi la plasta. "Jumapili kijana aje na sauti yake."

Fundi alikwenda nyumbani haraka hata akasahau kufunga dirisha. Mwanawe alikuwa kibarazani anasahihisha mazoezi ya watoto, maana alikuwa ameshapangiwa shule ya kufanyia majaribio ya kufundisha. Akampa habari. Kijana akaendelea kuweka alama za vema na kosa kwa kalamu nyekundu, kisha akasema haimbi.

"Huimbi?"

"Nimekaa pale nimewasikiliza, baba. Wanaimba vizuri bila mimi. Na yeye alisema kweli, nilikuwa navuta."

Fundi alimtazama. Miezi ile yote akichonga, akisaga, akitupa, akivuta vumbi puani, akigombana na mshonaji juu ya uzi. Akasema tu kwamba ana bahati Tenori hakulivuta lile koleo.

Mama alikuwa amesikia kutoka ndani. Alitokea mlangoni na pasi mkononi, waya unaburuta.

"Utaimba," alisema. "Sitaki watu waseme bado umefungiwa. Safu ya pili, sauti ya chini, usivute. Ukitaka kuacha, acha mwezi ujao, uage kwa adabu, watu wajue umeacha mwenyewe." Akamnyooshea mkono mumewe. "Na wewe lete hilo koti. Lina plasta mpaka kwenye kola, na Jumapili tutakaa mbele."